Prosesa yako ni nzima, inasubiri tu

Mtu akitaka kunisifia laptopu yake hutaja prosesa, chipu inayopiga hesabu zote. "Ni i7, dada fundi." (i5, i7 na i9 ni madaraja ya prosesa za Intel.) Memori, pale data inapokaa wakati kazi ikiendelea, haitaji. Ukimuuliza atakujibu "nane", yaani gigabaiti nane, na kwake hesabu imekwisha. Ziko katika vipande vingapi, ni za kizazi gani, zimekaa kwenye tundu lipi, hayo hakuambiwa na aliyemuuzia, na huenda aliyemuuzia naye hayajui.

Nimefungua laptopu nyingi za watu wa Langoni na Mkomani, hapa Lamu, na lalamiko kubwa ni lile lile: imekuwa nzito. Virusi hulaumiwa kwanza, kisha prosesa. (Kama bado unatumia diski ya zamani ile inayozunguka, acha kusoma hapa, nenda katie SSD, diski isiyozunguka, halafu urudi. Ninazozungumzia ni zile ambazo zimeshatiwa SSD na mwenyewe bado ananung'unika.) Ukiipima prosesa yenyewe utaikuta salama, ina nguvu kuliko kazi inayopewa. Muda mwingi inasubiri kitu kifike kutoka kwenye memori. Safari hiyo ndiyo ninayoiandika leo, maana nimeieleza kwa mdomo mpaka koo limekauka na watu bado huondoka wakiulizia i9.

Kwa wasionijua, nafanyia kazi dakani kwa mama, Langoni. Nina meza moja, taa yenye lenzi, bisibisi, na baraza mbili za mawe ambapo wateja hukaa wakitazama kila skrubu ninayoilegeza. Wengi ni wanawake, walimu na wenye biashara za mtandaoni, ambao hawapendi kusimama dukani njiani huku punda wakiwapita na mizigo. Wanaume nao huja, hasa wakishaambiwa kwingine kwamba "hii haitengenezeki".

Mmoja wao ni kijana anayepiga video za harusi. Alinunua ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, kutoka Mombasa, i7 kweli, na akaniletea akisema akihariri picha inakatakata. Nikafungua mfuniko wa chini. Matundu ya RAM, ndiyo memori hiyo, yalikuwa mawili. Moja lilikuwa na kipande cha gigabaiti nane, DDR4 (memori ya kizazi cha nne) ya 2400. La pili lilikuwa tupu, lina vumbi.

"Sasa tatizo liko wapi, dada?"

Nikamwonyesha tundu tupu. Akacheka, akadhani namtania.

Hebu tuitazame bodi yenyewe. Chini ya bamba la kupozea kuna prosesa. Sentimita chache pembeni kuna matundu ya RAM. Kati yao bodi imechapwa njia nyembamba za shaba, na ukiziweka chini ya lenzi utaona baadhi yake hazikunyooka. Zinapinda kushoto, kulia, kushoto, zinarudi, kisha ndiyo zinafika. Watoto wa jirani wakichungulia huniuliza kwa nini aliyezichora hakutumia rula. Alitumia, na kompyuta ya kumpigia mahesabu pia. Memori ya laptopu hii hutoa biti 64, kila biti ni sifuri au moja, kwa mpigo mmoja, kila moja kwenye njia yake, na zinatakiwa zifike pamoja. Njia iliyo fupi kwa maumbile yake hurefushwa kwa mapindo ili ilingane na wenzake.

Ukali wa jambo hili huonekana ukipiga hesabu. DDR4 ya 2400 hufanya mipigo milioni 2,400 kwa sekunde, kwa hiyo kila biti ina nafasi ya nanosekunde 0.4 hivi kabla ya inayofuata kuingia (nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara bilioni). Umeme kwenye shaba ya bodi husafiri sentimita kama 15 kwa nanosekunde. Maana yake njia moja ikizidi nyingine kwa sentimita sita, biti ya mpigo huu itafika pamoja na za mpigo ujao, na herufi uliyoiandika haitakuwa tena herufi uliyoiandika. Wachoraji wa bodi hawaruhusu hata sehemu ndogo ya tofauti hiyo.

Biti 64 ni baiti nane. Baiti nane mara milioni 2,400 ni gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Huo ndio upana wa njia moja, au chaneli moja kama tunavyosema. Prosesa ya kijana wetu ina chaneli mbili. Angetia kipande kwenye tundu la pili angepata gigabaiti 38.4 kwa sekunde bila kubadilisha kitu kingine. Aliyemuuzia alimpa nusu ya barabara na kibandiko cha i7 juu yake.

Ila upana ni nusu ya habari, na mimi naona ni ile nusu nyepesi. Nusu nyingine ni muda wa kusubiri, na hapo karibu kila mtu hudhani ni suala la umbali. Siyo. Kutoka prosesa hadi tundu la RAM ni mwendo wa sentimita kumi hivi. Umeme hwenda na kurudi kwa nanosekunde moja na nusu au chini yake. Lakini prosesa ikiomba kitu ambacho kiko ndani ya RAM tu, jibu hufika baada ya nanosekunde 70, 80, pengine 100. Nyingine zote zinaliwa wapi?

Sehemu huliwa ndani ya prosesa yenyewe, ikipekua kwanza hazina zake ndogo. Sehemu huliwa kwenye foleni ya kidhibiti cha memori, ambacho huamua ombi la nani litangulie. Zamani kidhibiti hicho kilikaa kwenye chipu nyingine ya bodi na kila ombi lilipaswa kupitia huko; AMD ilikiingiza ndani ya prosesa mwaka 2003 na Intel ikafuata 2008, na safari ikafupika kweli. Sehemu kubwa inayobaki ni ya RAM yenyewe, na hii ndiyo ninayoipenda kuieleza.

Kila biti ndani ya RAM ni chaji ndogo ya umeme iliyowekwa kwenye kapasita, na transista moja ikiwa mlango wake. Mpango huo ni wa Robert Dennard wa IBM. Aliubuni 1966, akapata hataza 1968, na laptopu yako bado inautumia. Biti zimepangwa kwa mistari na safu. Ukitaka moja huwezi kuichukua peke yake. Lazima mstari wake mzima ufunguliwe, maelfu ya kapasita yamwage chaji zao kwenye saketi ndogo za pembeni ambazo huzikuza mpaka zisomeke. Chaji yenyewe ni hafifu mno, kwa hiyo saketi hizo zinahitaji muda kuamua kama hii ni sifuri au moja. Kisha ndiyo safu yako huchaguliwa na kutumwa. Na kwa kuwa kusoma kumeondoa kilichokuwamo, mstari hurudishiwa chaji zake, ukafungwa, njia zikasawazishwa, ndipo mstari mwingine ufunguliwe. Kufungua ni nanosekunde kama 14, kuchagua safu nyingine 14, kufunga nyingine 14. Ombi lako likiangukia mstari ambao tayari uko wazi, umebahatika. Likiangukia mstari mwingine kwenye benki ile ile, yaani fungu lile lile la mistari, utalipa zote tatu.

Kapasita hizo pia huvuja. RAM hata ikiwa haifanyi kazi yoyote hulazimika kujisoma na kujiandika upya, kila mstari angalau mara moja kwa milisekunde 64, na joto likipita nyuzi 85 muda huo hukatwa nusu kwa sababu chaji huvuja upesi zaidi. Benki inayojiburudisha haiwezi kukuhudumia wakati huo huo. Umeme ukikatika na betri imekufa, kila kitu kilichokuwa humo kimekwenda. Ndiyo maana namsisitizia kila mtu ahifadhi kazi yake kabla hajaanza kulaumu kompyuta.

Sasa linganisha vizazi. DDR ya 400, ile ya kompyuta za mezani za miaka ya 2000, ikiwa na CL3 (CL ni idadi ya mapigo ya saa ya memori ya kusubiri safu), ilichukua nanosekunde 15 kuchagua safu. DDR3 ya 1600 yenye CL11: nanosekunde 13.75. DDR4 ya 2400 yenye CL17: nanosekunde 14 na ushei. Upana umepanda kutoka gigabaiti 3.2 kwa sekunde hadi 19.2 kwa chaneli moja, mara sita. Kusubiri kuko pale pale. Watengenezaji hawakulala, kupanua njia ni kuongeza mipigo, lakini kapasita ndogo kusikika ni jambo la maumbile, nalo halibembelezeki.

Nilikuwa naeleza hivi siku moja na barazani alikuwapo nahodha mmoja, ami wa jirani zetu, amemletea binti yake laptopu. Alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema, "Sikiza, mwanangu. Mashua ukiipanua itapakia zaidi. Lakini ndia ya Mokowe ni ile ile."

Nikamwambia, "Ami, umenimalizia maneno."

Na kweli, tangu siku hiyo nimeiacha mifano yangu nikachukua yake, kwa sababu inafika mbali zaidi. Mwenye duka hapa kisiwani hatumi mashua Mokowe, ng'ambo bara, ilete pakiti moja ya sukari. Ikivuka, ivuke imejaa. Prosesa nayo, ukiiomba namba moja ya baiti nne, haileti baiti nne. Huleta baiti 64 zilizokaa pamoja na namba hiyo, kwa matumaini kwamba za jirani utazihitaji punde. Huziweka kwenye kashe, hazina ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Wazo hilo liliandikwa na Maurice Wilkes wa Cambridge mwaka 1965, na IBM ikaliuza ndani ya mashine yake ya System/360 Model 85 iliyotangazwa 1968. Leo kila prosesa ina ngazi kadhaa: ya kwanza kilobaiti 32 hivi za data kwa kila kiini, ambayo hujibu kwa mapigo manne au matano ya prosesa, ya pili kubwa zaidi, mapigo kumi na kitu, ya tatu ya megabaiti kadhaa, mapigo 40 hivi. Baada ya hapo ni RAM.

Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mara moja kila theluthi ya nanosekunde. Nanosekunde 80 za kusubiri RAM ni mapigo 240. Katika kila pigo ingeweza kumaliza maagizo matatu au manne. Ndiyo kusema kitu kimoja kikikosekana kwenye kashe, inaweza kupoteza nafasi ya kutenda mambo mia kadhaa, hata kukaribia elfu. Inajitahidi, hilo lazima niseme. Haikai ikitazama ukuta. Hutafuta maagizo mengine yasiyotegemea kitu kilichokosekana na kuyafanya, na hukisia utakachotaka kesho ikakiagiza leo. Lakini makisio yana mwisho.

Kama unaandika programu, jaribu hili mwenyewe. Mpwa wangu anasomea kompyuta Mombasa na alipokuja likizo alikuwa akijigamba kwamba msimbo ni msimbo, mashine itajijua. Nikampa kazi kwenye laptopu ya i5 ya mezani kwangu: jedwali la namba 8,000 kwa 8,000 kwa lugha ya C, azijumlishe zote. Mara ya kwanza apite mstari kwa mstari. Mara ya pili apite safu kwa safu. Namba ni zile zile, jumla ni ile ile, idadi ya kujumlisha ni ile ile.

Safu kwa safu ilichukua zaidi ya mara sita.

Alidhani laptopu imepata joto, akairudia. Jibu halikubadilika. C hupanga jedwali mstari baada ya mstari. Ukifuata mstari, kila baiti 64 zinazovushwa zina namba 16 na zote 16 unazitumia, na prosesa inaona mwelekeo wako hivyo inaagiza za mbele kabla hujafika. Ukifuata safu, unavusha namba 16, unatumia moja, unaruka baiti 32,000 kwenda kuvusha nyingine 16. Ukirudi kuzitaka zile 15 ulizoziacha, nyingi zimeshasukumwa nje ya kashe zilizo karibu, na unazifuata tena mbali. Mpwa wangu alinyamaza vizuri kabisa. Chai ilipokuja alikuwa bado anabadilisha ukubwa wa jedwali aone ni wapi tofauti inapotea. Ilipotea jedwali lilipokuwa dogo kiasi cha kuenea lote ndani ya kashe, kama ipasavyo.

Mambo haya si mageni. John von Neumann alipoandika mwaka 1945 mpango wa kompyuta ya EDVAC, maagizo na data vikikaa pamoja kwenye memori moja, alituwekea njia hii ambayo kila kitu hupita. Mwaka 1977 John Backus, aliyeongoza timu iliyotengeneza lugha ya programu ya Fortran, alipopokea Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, hakushukuru tu akakaa. Alilalamika kwamba kazi kubwa ya programu ni kusukuma vitu mbele na nyuma kupitia njia hiyo nyembamba, na mara nyingi kinachosukumwa si data yenyewe bali anwani za mahali pa kuipata. Tumeongeza kashe, tumeongeza chaneli. Lalamiko lake bado lina uhai.

Nimrudie kijana wa harusi. Sikutaka aseme ni wingi wa gigabaiti ndio uliomsaidia. Kwa hiyo nilitoa kipande chake cha nane nikamtilia viwili vya nne nilivyokuwa navyo kwenye kopo. Jumla nane ile ile, ila sasa chaneli mbili zinafanya kazi. Akafungua harusi iliyokuwa ikimsumbua. Picha ikatulia kwa kiasi cha yeye mwenyewe kusogea karibu na skrini. Sababu ni kwamba saketi ya picha ya prosesa yake haina memori yake. Hukopa RAM ile ile, na kila fremu inayochorwa hushindana na kila kitu kingine kwenye njia ile moja. Sitasema ilikuwa miujiza. Kufungua Word hakukubadilika hata chembe, na kubana video ya mwisho kuliongeza kasi kidogo tu, maana kazi ile hula hesabu zaidi kuliko njia. Video zilizokuwa zikikatakata ndizo zilizofaidi. Baadaye alinunua kipande cha pili cha nane kinachofanana na cha kwanza, nikarudisha vyangu koponi.

Jambo jingine ambalo wanaoandika haya wakiwa Nairobi hawaligusi ni hewa yetu. Kipande cha DDR4 cha laptopu kina meno 260 yaliyopakwa dhahabu, cha DDR3 204, na jino moja tu likishika kutu au chumvi njia yake inakuwa ya bahati nasibu. Laptopu inawaka asubuhi, inakataa jioni, au inatoa skrini ya bluu bila mpango. Kusi likivuma wiki kadhaa mfululizo napata nyingi za namna hiyo kutoka nyumba zinazoelekea bahari. Mafundi wengi husugua meno kwa raba ya penseli. Inasaidia, lakini dhahabu ile ni utandu mwembamba, ukiisugua kila mara unaimaliza na shaba ya chini inabaki wazi kwa hewa ya chumvi. Mimi natumia spiriti ya aisopropili na brashi laini, na tundu lenyewe nalisafisha pia, kwa sababu uchafu hukaa pande zote mbili.

Ukitaka kujua yako imekaaje bila kuifungua: kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda Performance, kisha Memory. Pale chini imeandikwa Slots used. Ikiwa 1 of 2, una nafasi. Angalia na kasi yake iliyoandikwa hapo juu yake. Usinunue kipande kabla hujajua ni DDR3, DDR3L, DDR4 au DDR5. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5 na DDR3L 1.35, na zipo laptopu zinazokataa kabisa ile ya 1.5 hata kama inaingia kwenye tundu. DDR4 haitaingia kwenye tundu la DDR3, pengo lake limekaa mahali pengine, kwa hiyo tafadhali msiilazimishe. Nimeletewa matundu yaliyovunjwa.

Laptopu nyembamba nyingi za siku hizi hazina tundu. Memori imechomelewa kwenye bodi. Apple tangu M1 ya 2020 wameiweka kwenye kifurushi kimoja na prosesa. Kwa mwendo wa data ni jambo jema, njia ni fupi na pana. Kwa fundi wa dakani ni balaa, na kwa mnunuzi maana yake ni moja: kiasi unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho, kwa hiyo usichukue ndogo kwa kudhani utakuja kwangu niongeze.

Walio na matundu karibuni, baada ya Alasiri nipo. Njoo na chaja yako, ya kwangu ya kuazimana imeshaazimwa na aliyeiazima sijamwona tena.